Wimbo wa Mlango

“Bibi, hebu tuhadithie tena vile Mwanakombo alivyomtupia mamake ungo.” Ndivyo unavyoniambia, Subira, na wenzio mnacheka, maandazi mdomoni. Mnajua magomvi yote ya ukoo huu ninayo mimi. Leo siyasemi. Tulieni niwape mfano.

Kulikuwa na mwimbaji mmoja, mwanamke. Sauti yake, jamani! Akianza tu, hata mwenye homa anajiona kalala kivulini, upepo unampitia. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe. Basi akagombana na dada yake, kitanda cha marehemu mama yao, nani akichukue. Kwa hasira akatunga: “Nenda zako usirudi, mlango nimeuziba.” Dada mtu akafunga mzigo, akahama mji.

Hasira ile ilikwisha mapema tu. Wimbo haukwisha. Harusi hii wanautaka, harusi ile wanautaka, redio inaupiga asubuhi watu wakifagia. Wasichana walioucheza wakazeeka, wajukuu zao wakaucheza. Na yeye kila akilala anamwota dada yake kakaa juu ya kitanda kile, anachana nywele, polepole. Akatunga wimbo mwingine, wa kumwita. Kila akiuanza, watu: “Aa, bibi, tupe ule wetu!”

Siku moja, keshakuwa kikongwe, anaimbia kitini, akatupa macho mlangoni mwa ukumbi. Dada yake! Mvi tupu, kashika mkoba.

Akawaambia wapigaji, “Nipigieni ule wa kumwita.”

“Ule wetu! Ule wetu!” ukumbi ukalia.

“Leo siuimbi,” akasema, akafumba mdomo.

“Basi pumzika, bibi, tutakuimbia sisi!”

Wakaushika wimbo ule, ukumbi mzima, macho wamefumba, wanayumba kama nyasi, utamu umewakolea: Nenda zako usirudi...

Dada mtu akageuka, akatoka. Mwimbaji akainuka na maiki yake amkimbilie, waya ukamvuta nyuma. “Dada! Dada, ningoje!” Watu wakadhani ni madoido. Wakapiga vigelegele.

Sasa niambieni. Nani alimfukuza yule dada? Mwimbaji si alikuwa kafumba mdomo? Nani, basi?

Ni sisi. Wenye ugomvi walishachoka zamani, sisi ndio tunaosema rudia, rudia pale pa ungo. Mwanakombo yuko barazani tangu alasiri, hata viatu hajavua, anakisikia kicheko chenu. Na mamake yumo chumba hicho, kajifunika shuka, naye anakisikia.

Subira, futa mikono. Wewe ndiye uliye karibu na mlango. Toka umwambie Mwanakombo mamake anauliza kama kala. Ndiyo, kaniuliza mimi, mara mbili, nyie mkicheka. Na nyinyi wengine, atakayewaomba hadithi ya ungo, mpeni hii ya mwimbaji. Naye mwambieni ampe mwenzake.