Bega la Tressa

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Methali hii hutuonya kwamba kilichomfikisha mwenzako mbali kinaweza kukuangusha wewe, kwa kuwa hamkuumbwa sawa. Tressa Kovarik aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini kuijua ni jambo moja na kuishi nayo ni jambo jingine.

Tressa alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba kama bua la mahindi, naye alifanya kazi ya kukata na kufunga nyama katika bucha la mji mdogo wa Dobrava, huko Nebraska. Baba yake, Leland, alikuwa mmoja wa watu watano wa kikosi cha klabu ya shabaha ya mji huo. Mwaka huo bega la Leland lilipasuliwa hospitalini, na daktari akamwambia kwamba bunduki sasa aitazame tu ukutani. Nafasi ya tano ikabaki wazi. Kwa miaka ishirini na nane kikosi hicho hakikuwahi kukosa Kovarik, na Tressa aliitaka nafasi hiyo kama mwenye kiu atakavyo maji.

Nafasi ingegombewa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Asubuhi, kila mshindani angepiga visahani vya udongo ishirini na vitano vinavyorushwa angani, ambavyo wapigaji wote huviita ndege. Jioni angekimbia uwanjani na silaha tatu, bastola, raifo ya kulengea mbali na bunduki ya marisau, ile inayotawanya punje nyingi za risasi kwa mlio mmoja, huku saa ikimhesabia. Kila ndege aliyemponyoka asubuhi angemwongezea sekunde moja jioni. Klabu ilikuwa na sheria mbili za zamani: bunduki ya marisau iwe mali yako mwenyewe, na utakayoanza nayo asubuhi ndiyo utakayomalizia nayo jioni.

Bastola na raifo Tressa alikuwa nazo. Bunduki ya marisau hakuwa nayo. Siku zote aliazima ya baba yake, kuukuu na nzito, na kila alipokosa watu walisema, "Ngoja apate yake."

Siku aliyokwenda kuinunua hakula kitu asubuhi. Duka la bunduki la Dobrava lilikuwa la Bi Arlys Novotny, mjane mwenye mikono inayonuka mafuta ya mashine, ambaye alitengeneza bunduki za wilaya nzima. Tressa alipoingia tu, macho yake yalitua juu ya bunduki ya mitutu miwili iliyopandana. Kitako chake kilikuwa cha mti wa jozi, kinang'aa kama asali, na ubavuni ndege wawili wa dhahabu, kwazi, walikuwa wakiruka.

"Hii!" alisema. "Si ndiyo kama ya Brock, mshindani wangu?"

"Ni pacha wake," Bi Arlys alijibu. "Lakini ishike kwanza, binti. Fumba macho, iweke begani, kisha fumbua uniambie unaona nini."

"Bi Arlys, nimeiona kwa macho wazi. Ya nini tena kufumba?"

"Kwa sababu macho wazi hudanganywa na dhahabu."

"Brock anapiga ndege ishirini na wanne kwa bunduki hii. Na mimi naitaka hii."

Bi Arlys akaifuta bunduki kwa kitambaa, akampa. "Haya. Nakupa wiki mbili. Ukiirudisha bila mkwaruzo, nitakubadilishia. Na uipige, usiende kulala nayo."

Usiku ule Tressa hakulala nayo, lakini aliamka mara tatu kwenda kuitazama.

Jumapili aliipeleka uwanjani. Brock Tesar alikuwepo tayari, kijana mrefu mwenye mabega kama mlango wa ghala, ambaye naye aliitaka nafasi ile ya tano. Alipoiona bunduki alipiga mluzi, akaipapasa ile yake.

"Aisee! Dada wa bucha kaja na pacha wa mke wangu!"

"Mke wako ajiandae kuzikwa," Tressa alijibu, na watu wakacheka.

Alisimama mahali pake, akaiweka bunduki begani, akaita, "Vuta!" Mashine ikarusha kisahani cha rangi ya chungwa. Tressa akafyatua. Kisahani kiliendelea na safari yake, kikatua majanini kizima kama kilivyotoka. Akaita tena, akakosa tena. Kitako kilikuwa kirefu mno kwa mkono wake, na kila mshindo ulimgonga shavuni kama kofi la mwalimu. Alipomaliza, kati ya ndege ishirini na watano alikuwa amewapata tisa.

"Bunduki ileile, duka lilelile," Brock alisema huku akitafuna andazi lenye tunda la plamu ndani. "Labda ndege wako wamevaa fulana za chuma."

"Nyamaza, Brock."

"Nanyamaza. Ila hilo shavu, mwenzangu, liweke barafu. Limekuwa la zambarau kama hii plamu."

Tressa alijaribu siku nne mfululizo baada ya kazi. Hakuvuka kumi na mmoja. Siku ya tano aliifunga bunduki katika blanketi na kuirudisha dukani, uso ukiwa umemshuka. Baba yake alikwenda pamoja naye, mkono ukiwa bado katika kamba ya shingoni.

"Haina mkwaruzo," Tressa alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe ndiye uliye na mkwaruzo," Bi Arlys alisema, akilitazama shavu lake. "Njoo huku nyuma."

Nyuma ya duka palikuwa na karatasi kubwa kama shuka, imebandikwa juu ya ubao, ikiwa na doa jeusi katikati. "Lenga doa. Usijivutevute, piga kama unapiga ndege." Tressa akapiga. Marisau yalitua yote kwa pamoja, kundi zuri la matundu, lakini shubiri mbili kushoto kwa doa. Akapiga mara ya pili. Kushoto vilevile.

"Bunduki imepinda," Leland alisema.

"Bunduki imenyooka kuliko mimi na wewe, Leland. Binti, nyosha kidole, ukielekeze kwenye kitasa cha mlango ule. Macho yote mawili wazi. Haya, fumba jicho la kushoto."

Tressa akafumba. "Ah! Kidole kimeruka!"

"Kimeruka kwenda wapi?"

"Kimeacha kitasa, kimeenda ukutani!"

"Sasa fumba la kulia."

"Kimerudi. Kipo palepale kwenye kitasa."

Bi Arlys akapiga paja lake kwa furaha. "Basi ndilo hilo! Jicho lako lenye nguvu ni la kushoto. Bunduki unaiweka bega la kulia, halafu jicho la kushoto ndilo linalolenga. Ndege anaruka hapa, wewe unapiga jirani yake. Bastola haikusumbui kwa kuwa unaipeleka mbele ya jicho lolote ulitakalo, na kwenye raifo unafumba la kushoto. Lakini hii hupigwa macho yote wazi, nayo hukaa begani, na bega halihami."

"Tubandike utepe kwenye miwani yake ya uwanjani, jicho la kushoto lisione," Leland alisema haraka. "Wengi hufanya hivyo."

"Utepe utamfaa asubuhi. Jioni atakapokimbia na silaha tatu, atakuwa kama kuku mwenye jicho moja. Hapana. Ahame bega."

Leland alikaa juu ya kreti la risasi.

"Ulikuwa na miaka saba," alimwambia binti yake. "Nilikupa bunduki ndogo, ukaiweka kushoto. Nikakuhamisha. Ukairudisha kushoto. Nikakuhamisha tena. Mara tatu, mwanangu. Nilidhani nakufundisha."

"Mimi sikumbuki, Baba."

"Mimi nakumbuka."

Tressa alimwekea mkono begani, lile bega zima. Bi Arlys alijifanya hakuona, akaingia ghalani, akarudi na bunduki iliyofunikwa na vumbi. Ilikuwa nyeusi tii, kitako chake cha plastiki, bila ua wala kwazi. Ilikuwa ya mtutu mmoja, ya kujipakia yenyewe, inayobeba risasi nane. Maganda ya risasi yaliruka kutokea upande wa kushoto, yasimpite mtu wa shoto usoni.

"Iliachwa hapa na mfuga nguruwe mmoja, mtu wa shoto, mfupi kama wewe. Hakuna aliyewahi kuitaka."

"Mbaya hiyo!" Tressa alisema, kisha akacheka kwa aibu.

"Fumba macho. Bega la kushoto. Sasa fumbua. Unaona nini?"

Tressa alifumbua macho. Shavu lake lilikuwa limelala juu ya kitako kama juu ya mto. Mbele yake aliona njia iliyonyooka ya mtutu, na mwisho wa njia hiyo, palepale juu ya ncha, doa jeusi.

Akafyatua. Karatasi ikatoboka katikati. Akapiga tena, na tena, na doa likatoweka kabisa, pakabaki tundu ambalo angeweza kupitisha ngumi.

"Baba! Umeona? Umeona, Baba?" alipiga kelele, akarukaruka mpaka Bi Arlys akamwambia afunge kwanza kifungo cha usalama cha bunduki.

Siku ileile bunduki zikabadilishwa, ile nyeusi ikawa yake. Zilibaki wiki nne. Mwili wake ulikuwa umezoea upande wa kulia kwa miaka kumi na miwili, nao ulibisha kama punda. Kila asubuhi aliiweka bunduki tupu bega la kushoto mara mia. Mchana, wenzake wa bucha walipokula, yeye alisimama chumba cha baridi amevaa mkanda wa risasi za plastiki, akizichomoa na kuzisukuma tumboni mwa bunduki, mbili mbili, bila kutazama. Baba yake aliketi juu ya ndoo, akihesabu kwa sauti. Uwanjani Brock alimwona akapaza sauti, "Hiyo umeokota zizini?" Tressa akaita, "Vuta!" Siku ile alipata ndege kumi na wanane.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti mahindi yalikuwa marefu kuliko watu, na magari ya mizigo yalipangana kandokando ya uwanja. Washindani walikuwa sita. Asubuhi Brock alipiga kama kawaida yake, ndege ishirini na wanne. Tressa alipata ishirini na mmoja. Sekunde moja kwa Brock, nne kwa Tressa. Wanne waliobaki walikuwa nyuma sana.

"Usikate tamaa, dada wa bucha," Brock alisema, na safari hii hapakuwa na kejeli katika sauti yake. "Jioni ni ndefu."

Jioni Brock alikimbia wa tano, na Tressa angekuwa wa mwisho. Bastola yake ilitema moto, raifo haikukosa hata mara moja. Alipofika kwenye marisau alipiga mbili, akafungua mitutu, akapakia mbili, akapiga mbili, mikono ikienda kama ya mshona cherehani. Lakini mitutu miwili ni miwili tu. Saa ilisoma sitini na nane. Pamoja na ile sekunde ya asubuhi, sitini na tisa.

"Ili nishinde nahitaji chini ya sitini na tano," Tressa alimnong'oneza baba yake.

"Usiende na hesabu. Nenda na bega lako."

Saa ikalia, Tressa akachomoka kama mshale. Bastola: vibao sita, milio sita. Raifo: vibao vinne vya mbali, mlio baada ya mlio. Akaiweka mezani, akaichukua ile nyeusi. Mbele yake palikuwa na vibao saba vya chuma, na kile cha saba kilikuwa na hila yake: kikianguka, hurusha kisahani cha udongo juu, na kisahani hicho lazima kipigwe kikiwa hewani. Shabaha nane, risasi nane.

Moja, mbili, tatu, vibao vikaanguka. Cha nne kikakataa. Amekosa! Akakipiga tena, kikalala. Tano. Sita. Watu walikuwa wanapiga kelele, "Twende! Twende!" lakini Tressa alisimama ghafla.

"Piga!" mtu mmoja alipaza sauti. "Piga, msichana, unangoja nini?"

Leland peke yake alijua. Imebaki risasi moja tu. Akikipiga kibao, kisahani kitaruka naye atakuwa mikono mitupu. Mkono wa kulia wa Tressa ulishuka kwenye mkanda, ukapanda na risasi mbili, zikaingia tumboni mwa bunduki kama zilivyoingia maelfu ya mara katika chumba cha baridi. Hakutazama chini.

Akapiga kibao cha saba. Kisahani kikaruka juu, kikapinda kwenda kushoto, upande uleule ambao maisha yake yote ndege walimponyoka. Bega la kushoto, shavu juu ya kitako, macho yote mawili wazi. Akafyatua.

Kisahani kikageuka moshi wa rangi ya chungwa.

Uwanja ulilipuka. Msimamizi aliinua saa yake, akaisoma mara mbili kabla ya kutamka. "Sitini na mbili. Na nne za asubuhi, sitini na sita. Nafasi ya tano ni ya Kovarik!"

Tressa alihakikisha bunduki haina kitu, akaiweka mezani, ndipo akamkimbilia baba yake na kumkumbatia mpaka akasahau lile bega bovu, naye Leland akasahau kulia kwa maumivu, akalia kwa furaha. Brock alikuja na bunduki yake nzuri chini ya kwapa, kwazi wa dhahabu wakimeremeta juani.

"Hongera, dada wa bucha. Niambie kweli, hiyo mbaya unaniuzia?"

"Ya nini, Brock? Ukiipiga kwa bega lako la kulia, utajitia ganda la risasi jichoni."

Bi Arlys, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa nyuma ya gari lake akila andazi la plamu, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawaangalia wote wawili, yule mrefu wa kulia na yule mfupi wa kushoto, kila mmoja na silaha yake, akasema, "Mmeona sasa? Kila ndege huruka kwa ubawa wake."