Meno ya Mama Sokwe

Haya, paukwa!
— Pakawa!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Mwenye masikio?
— Ayatege!

Hapo zamani za kale, Sokwe, Ngiri na Nungunungu walikuwa watani. Walitaniana arusini, wakataniana hata matangani, na hakuna aliyekasirika. Ndiyo mila. Ngiri akikutana na Mama Sokwe humwambia, "Bado hujafa tu?" Naye hujibu, "Nangoja nikuzike wewe kwanza."

Siku moja, baada ya mvua kubwa, mtoto wa Mama Sokwe alikwama kwenye tope la mtoni. Tope likamfika kiunoni. Mama akavuta, akavuta, hakuweza. Akakimbilia kwa majirani.

Sasa sikilizeni. Sokwe akishikwa na hofu, midomo hurudi nyuma, meno yote yakawa nje. Ndivyo alivyoumbwa.

Akafika kwa Ngiri. "Mtani! Mwanangu anazama!"

Ngiri akamtazama mdomo, akaona meno. Akacheka. "Mwache aoge! Tangu azaliwe hajaguswa na maji."

Kule mtoni, tope likafika kifuani.

Akafika kwa Nungunungu. "Mtani, nakuomba, mwanangu anazama!"

Nungunungu akamtazama mdomo, akaona meno. "Mwenye msiba hukenua hivyo? Nenda bwana, nitakuja kula ubwabwa wa matanga."

Kule mtoni, tope likafika shingoni.

Akafika kwa Fuko. Fuko haoni. "Nani anayehema hivyo? Sogea, mama." Akampapasa uso. Akagusa meno, akapita. Akagusa mashavu, yanatetemeka. Akagusa kope, zimelowa.

"Mama wee! Nibebe, twende!"

Mama akambeba mbio. Fuko akachimba kushoto, akachimba kulia, akachimba mpaka kucha zikatoka damu. Wakamtoa mtoto. Alikuwa ameshanyamaza.

Ngiri akaja matangani na utani wake mdomoni, kama mila inavyotaka. Alipomwona Mama Sokwe, utani ukamkwama.

"Mtani," akasema, "niliona unacheka."

"Uliona meno," Mama Sokwe akajibu. "Juu ya meno kulikuwa na macho."

Ngiri akakaa chini kwenye majivu ya moto wa matanga.

Tusimlaani Ngiri, jamani. Hakuwa na roho mbaya. Alimzoea mwenzake kwa kicheko, na akili iliyozoea ina haraka: ikiona kipande cha uso, kilichobaki hukijaza yenyewe. Hata sisi tu hivyo, na nyumbani ndiko tunakokosea zaidi.

Basi fundisho ni hili: usiusome uso wa mtu kwa kipande kimoja. Tazama macho, sikiliza sauti, na ukiwa na shaka, inuka uende naye. Kama ni utani, utakuwa umepoteza hatua chache tu.

Hadithi yangu imezikwa kando ya mto. Mwenye jirani, akamjulie hali.