Kimbunga Kitandani

Waliosema mganga hajigangi hawakumtukana mganga, wala hawakudai kwamba dawa zake ni maji matupu. Walichosema ni kwamba mjuzi naye, siku yake ikifika, hana budi kuwa mgonjwa wa mtu mwingine. Ni jambo jepesi kulisema. Kulikubali ndiko kazi, hasa kwa mtu ambaye hata kiti kinamshinda kukikalia.

Mtu huyo alikuwa profesa katika chuo cha udaktari, na wanafunzi walimbandika jina la Kimbunga. Alianza sentensi mlangoni akaimalizia dirishani. Feni yake ilizunguka kwa kasi ya mwisho hata asubuhi ambazo darasa zima lilivaa masweta. Mwaka ule alizidi kuwaka, kwa sababu serikali ilikuwa imemteua kuongoza kamati ya kurekebisha bima ya afya. Gharama za matibabu zilikuwa zimepanda hadi watu wakawa wanauza mashamba ili wapasuliwe, na Kimbunga aliapa kuzishusha. Alikuwa na pendekezo moja alilolipenda kama mwanawe: kadi ya bima isimlipie vipimo mtu asiye na lalamiko.

"Anayejisikia mzima anapimwa nini?" alifoka vikaoni. "Tunatibu afya za watu, huku wagonjwa wanakosa dawa!"

Nyumbani, mkewe hakuwa na raha. Alikuwa fundi cherehani, na jicho la fundi halidanganyiki. Suruali za mumewe alizipunguza kiuno leo, kesho akazipunguza tena, ilhali mume mwenyewe alikuwa anakula kama mtu aliyetoka kulima. Usiku alitupa shuka na kuzunguka nyumba nzima akihutubia kuta.

"Baba watoto, unaisha," alimwambia asubuhi moja, pini zikiwa mdomoni. "Nenda ukapimwe."

"Nipimwe na nani? Madaktari wote hapa mjini nimewafundisha mimi."

"Basi ndiyo vizuri. Au uliwafundisha vibaya?"

Kimbunga alicheka, akameza kidonge cha presha alichojiandikia mwenyewe, kama alivyojiandikia kile cha usingizi. "Ni uchovu tu, mke wangu," alisema, akiwa tayari amefika uani. Chai yake ilibaki mezani inatoa mvuke.

Siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa mwisho wa vitendo. Mwanafunzi huletewa mgonjwa asiyemjua, akampima mbele ya watahini wawili, kisha akasema ana nini. Mchana, Kimbunga alitakiwa kumkabidhi waziri ripoti ya kamati. Kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa anaitazama saa kama inayomdai. Na katika haraka hiyo, mgonjwa wa chumba chake hakutokea. Muuguzi alipiga simu, akapiga tena, wapi.

"Tuahirishe," alisema mtahini mwenzake. Huyu alikuwa daktari bingwa wa moyo aliyesoma na Kimbunga darasa moja, na hospitali nzima ilimwita Dada Mkuu.

"Tuahirishe, na ripoti yangu je?" Kimbunga alikuwa amekwisha kuvua koti. "Nitalala mimi. Wampime mtu mzima. Leo tuone nani ana ubavu wa kusema hakuna ugonjwa, badala ya kubuni."

Dada Mkuu alitikisa kichwa, akaandika jibu kwenye karatasi ya watahini: Mtu mzima, hana ugonjwa.

Mwanafunzi wa kwanza alimgusa mwalimu wake kama anayegusa pasi ya moto, akasema haoni ugonjwa. Wa pili naye vivyo hivyo. Kimbunga alifurahi na kuwasifu, ingawa miguu yake haikutulia na kitanda kililia chini yake.

Kisha akaingia Binti Seremala. Mwaka uliotangulia Kimbunga mwenyewe ndiye aliyemwangusha, kwa sababu binti alilikariri faili la mgonjwa neno kwa neno bila kumgusa. "Ugonjwa hauko kwenye faili, uko kwa mtu!" alimfokea siku ile. "Mshike mgonjwa wako!" Sheria ya chuo haikuwa na mzaha: anayeanguka mara ya pili anarudi kwao. Na huko kwao, baba yake alikuwa ameuza mashine ya kurandia mbao ili binti arudie mwaka, akarudi kwenye randa la mkono katika umri wa kupumzika. Binti alilala na kuamka na wazo hilo.

"Karibu, baba," alimwambia Kimbunga, kama asiyemjua. "Naomba mkono wako."

Mkono ulikuwa wa moto na umelowa jasho. Aliweka vidole kwenye mshipa, akasikiliza. Aliendelea kusikiliza kwa muda mrefu kuliko wenzake wote, na uso wake ukabadilika. Alimpapasa shingo, akampa maji ameze, akamwomba afuate kidole kwa macho.

"Naomba feni izimwe," alisema. "Na naomba karatasi, yoyote ile."

Dada Mkuu alimpa ile iliyokuwa karibu, karatasi ya jibu, akiwa ameigeuza maandishi yatazame chini. Binti alimwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele, akailaza karatasi juu ya vidole vyake.

Hewa ilikuwa imesimama kabisa. Hata hivyo karatasi ilitetemeka, ikachachawa kama bawa la nzi aliyenaswa.

"Haya, sema," Dada Mkuu alimwambia.

Binti alikuwa amewaona wenzake wakitoka na vicheko, hivyo jibu linalotakiwa alilihisi. Alimkumbuka baba yake na lile randa. Aliogopa, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kumwambia jambo.

"Huyu ni mgonjwa," alisema. "Moyo unakwenda mbio na haufuati mpangilio. Tezi ya shingoni imevimba, nadhani inafanya kazi kupita kiasi. Akiachwa hivi, damu inaweza kuganda moyoni na kumletea kiharusi. Asiondoke hapa leo."

Kimbunga aliruka kutoka kitandani. "Umeanguka! Jibu ni mzima! Nimekuwa daktari kabla hujazaliwa. Ningekuwa naumwa, nisingejua?"

Machozi yalimlengalenga binti, lakini hakurudi nyuma. "Mwalimu, ulisema tumshike mgonjwa. Nimekushika."

Dada Mkuu hakubishana na yeyote. Alikishika kifundo cha mkono wa mwenzake, akausikiliza mshipa, halafu akaagiza mashine ya kupima moyo iletwe mara moja. Mistari ilitoka imevurugika. Kimbunga aliitazama, yeye aliyewafundisha madaktari wa mji mzima kuisoma. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na wote wakagundua kwamba hawajawahi kumwona amekaa.

"Binti amefaulu," alisema kwa sauti ndogo. "Wale wawili walionigawia uzima wa bure warudie. Kosa si lao peke yao, lakini warudie."

Walimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi dawati la bima. Karani hakuinua kichwa.

"Lalamiko lako, mzee?"

"Sina."

"Unalazwa na huna lalamiko?" Karani aliguna. "Basi una bahati. Nasikia kuna kichwa kimoja kwenye kamati kinataka kadi isiwalipie watu kama wewe. Ungekufa nyumbani, mzima wa afya."

Dada Mkuu aliitazama dari. Kimbunga aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Akaomba simu, akampigia katibu wa kamati.

"Lile pendekezo langu lifute. Ndiyo, lile lile. Andika kila mwenye kadi apimwe mara moja kwa mwaka, hata akijisikia mzima. Hasa akijisikia mzima! Unasema ni gharama? Mtu mmoja aliyepooza anakula fedha za kuwapima watu wa mtaa mzima. Na mwambie waziri siji. Nimelazwa."

Siku chache baadaye madaktari wapya walipita wodini, Binti Seremala akiwa miongoni mwao. Mke wa Kimbunga alikuwa kando ya kitanda, anafumua kiuno cha suruali ili kukirudisha kilivyokuwa. Mumewe alipowaona madaktari alijiinua kwa viwiko.

"Sikilizeni. Dozi hii ni ndogo, iongezwe. Na kwa maoni yangu, leo naweza kuruhusiwa kwenda..."

"Lala, baba," alisema Binti Seremala, huku akimshika mkono.

"Umemsikia daktari," mkewe akaongeza, macho yakiwa kwenye sindano.

Kimbunga alifungua mdomo ajibu. Akatazama vidole vya binti vilivyotulia juu ya mshipa wake, akaufunga mdomo, akalala. Mganga hajigangi.