Prosesa Mpya ya Somoe

Somoe, karani wa ushirika wa korosho, alimwomba Meneja Chikopela laptopu yake kuukuu ibadilishiwe prosesa, maana ilikuwa inajikongoja. Meneja, mwenye laptopu mpya mezani, alicheka.

"Kikongwe hawekewi moyo wa kijana!"

"Sawa, bosi. Hata hivyo mwaka jana ilitufaa. Wakaguzi waliingoja ifunguke mpaka wakasinzia, wakaenda zao kula."

Kicheko kikakatika. "Wakasinzia?"

"Mmoja alikoroma kabisa."

"Lete hiyo hapa! Wewe chukua yangu."

Wakaguzi walipokuja, Meneja aliwawashia ile kuukuu, akaegemea kiti akitabasamu. Somoe akainua kichwa mezani kwake.

"Wakubwa, hapo mtakesha. Mafaili yote ya bosi yamo kwenye hii yake aliyonipa, na inafunguka kabla hamjapiga chafya."