Ngoma Moja ya Kobelo

Wapo watu watatu, na ngoma ni moja. Tulieni niwasimulie, kisha kazi itakuwa yenu.

Kobelo alikuwa mpiga ngoma wa milima ya Uluguru. Dada yake, Sikudhani, alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Mzee Pazi, aliyemfunza ngoma, alikuwa na subira. Na Nasieku, daktari wa mjini, aliendelea kuuliza pale wenzake walipokwisha kujibu.

Basi Kobelo akaanza kusikia watu wasioonekana wakimsema. Akaacha ngoma, akajifungia ndani. Majirani wakasema amerogwa. Hospitalini wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili, wakampa dawa. Sauti zilipungua, lakini yeye mwenyewe hakurudi. Alikaa kama mgeni nyumbani kwake.

Sikudhani akamwendea Nasieku. "Daktari, kaka yangu akipita mlangoni anajigonga. Kikombe anakishika kwa kubahatisha. Na kabla ya hizo sauti, mapigo yake ya ngoma yalishaanza kuchelewa. Mimi naona ni ugonjwa mmoja."

Nasieku hakumpuuza. Alipiga picha ya kichwa, akaangalia mahali ambapo wengi hawaangalii, ubongo wa nyuma, ndani ya kisogo.

"Ni mdogo kama ngumi," alimwambia Kobelo, "ila una chembe za fahamu nyingi kuliko ubongo wote uliobaki. Tulidhani kazi yake ni kusawazisha mwendo tu. Sasa tunashuku husawazisha hata mawazo. Ukiwaza, ubongo huo hukuambia: hilo ni lako. Wenyewe ukichelewa, kama wako unavyochelewa, wazo lako mwenyewe huenda ukalisikia kama neno la mtu mwingine."

Kobelo alishika kisogo chake. Miaka yote alikuwa amebeba humo mpiga ngoma asiyemjua.

"Kuna chombo cha sumaku cha kupaamsha hapo," daktari akasema. "Ni majaribio. Siahidi."

"Nijaribu," akasema Kobelo.

Kila alipotoka kwenye sumaku, Mzee Pazi alimketisha uani. Alipiga pigo moja, akamngoja. Kobelo alichelewa. Mzee akapiga tena.

"Huchoki, mzee?"

"Piga, mwanangu."

Hata asubuhi moja mikono yao ikaangukia pamoja. Kobelo aliitazama mikono yake. "Hilo lilikuwa langu," akasema.

Dawa hakuacha, na sauti hazikwisha zote. Ila siku hiyo alikaa mezani, akamuuliza dada yake kama amelala salama.

Kobelo akachonga ngoma, ampe aliyemrudisha.

"Nisingeona mimi, nani angetafuta?" akauliza Sikudhani.

"Kuona hakukutosha," akasema Nasieku. "Ilibidi pawe na wa kupagusa."

"Mlipaamsha," akasema Mzee Pazi. "Nani alipafundisha kupiga?"

Jirani mmoja akadakia: "Aliyetoa kichwa chake kijaribiwe ni Kobelo. Abaki nayo mwenyewe."

Kobelo amesimama, ngoma mikononi, anawatazama. Haya, mliosikia: mngekuwa yeye, mngempa nani?