Kucha za Mkono wa Kulia

Hapo zamani, katika nyumba moja ya mlimani iliyokuwa na magitaa mawili, Mbonea alikaa barazani, akauweka mkono wa kulia wa mumewe mapajani, akazilainisha kucha zake kwa kipande cha msasa. Wote wawili walikuwa wakijifunza gitaa lile la nyuzi laini, lipigwalo kwa vidole vitupu. Mpigaji wake hufuga kucha za mkono wa kulia, maana ndizo zinazozidonoa nyuzi. Za kushoto huzikata mpaka kwenye nyama, zisimzuie kuzibana nyuzi.

"Tulia," Mbonea alisema. "Nitakuchonga kama mwiko."

"Mwiko hauna mke mkali," Senkondo akajibu.

Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile. Kesho yake Mbonea alishikwa na homa, na siku ya tatu akafariki. Kabla ya kufariki alisema, mbele ya mumewe na mbele ya mdogo wake, Namkunda: "Gitaa langu apewe atakayeuokoa mkono wa Senkondo. Namjua huyu. Akiogopa, huacha."

Na kweli Senkondo aliogopa. Aliogopa kulifungua sanduku la gitaa. Aliziogopa kucha zenyewe, kwa kuwa zilikua, na kila siku umbo alilolichonga Mbonea lilisogea mbele kidogo, likimwacha. Kuliko yote alimwogopea Nanzia, binti yao wa miaka miwili, aliyekuwa akichemka mwili na kupoa bila sababu ya kueleweka.

Mwalimu wao, Kihiyo, alikuja kila alasiri. Hakuleta maneno ya kufariji. "Skeli moja tu," alisema. "Polepole." Siku ya kwanza Senkondo alipiga sauti nne za ngazi ile ya muziki, akaliweka gitaa chini. Siku ya pili, sauti nane. Siku ya kumi skeli ilipanda na kushuka yote, na Kihiyo akasema, "Leo hukupiga kama mtu anayebisha hodi."

Ikafika siku ya kuanua matanga. Katika ukoo wao, mgane aliyefiwa na mkewe hunyolewa nywele na kukatwa kucha zote kumi, zikazikwa nyuma ya nyumba, ili mauti yaliyomgusa yasihamie kwa mwingine wa humo ndani. Kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi Nakijwa, dada wa baba yake Senkondo. Alimnyoa nywele, kisha akaitaka mikono. Akaitazama, na wembe ukasimama hewani.

"Nani amekukata za kushoto?"

"Mimi mwenyewe, Shangazi. Ni kwa ajili ya gitaa."

"Zimezikwa wapi?"

Kwa miaka sita Senkondo alikuwa akizikata barazani na kuzifagia.

Watu wakanong'ona. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mtu ajikate kucha za mkono mmoja na kuuacha wa pili? Huyu kaibiwa kucha. Kuna aliyezichukua amroge." Mwanamke mmoja aliyempakata Nanzia akamgusa mtoto paji la uso, akasema amechemka tena.

"Za kushoto tumwachie Mungu," Shangazi alisema. "Lete mkono huo mwingine."

Senkondo akauficha kwapani, mbele ya watu wote, na aibu ikamjaa.

Kihiyo akasimama. "Mama, kucha zitaota kwa miezi minne. Huyu ndiye hatarudi kwenye gitaa. Miezi minne ya woga ni mingi kwake."

"Na mtoto akifa, mwalimu, hiyo skeli utamfariji nayo nani?"

Kihiyo akakaa.

Ndipo Namkunda alipokuja, akapiga magoti kwa shida, maana alikuwa na mimba ya miezi saba. Akainyoosha mikono yake miwili. "Kata zangu, Shangazi. Mimi na Mbonea tumenyonya ziwa moja. Kama mauti yanatafuta njia, yaje kwangu."

Shangazi alilitazama tumbo lile. Katika ukoo wao hakuwahi kukatwa mtu kwa niaba ya mwingine. Akazikata zote kumi, akazifunga kwenye kitambaa, akawageukia wazee. "Imetimia. Wa kuuliza aniulize mimi. Likitokea baya, litajwe jina langu." Miongoni mwa wote waliokuwapo, hakuna aliyeiamini mila ile kama yeye.

Walipokwisha kula, likaja suala la gitaa.

Kihiyo akasema, "Nisingekuja kila alasiri, wembe ungekuta mkono uliokwisha kufa."

Namkunda akasema, "Mwalimu, mkono wako huo hai ungekuwa na vidole butu. Mimi nimetoa kucha zangu, na huyu wa tumboni nimemweka rehani."

Shangazi akasema, "Gitaa sijui hata linashikwa upande gani. Lakini mwenye wembe nilikuwa mimi, na wembe niliuondoa mkononi mwake."

Wakamtazama Senkondo. "Nitajibu kesho asubuhi," alisema.

Asubuhi Nanzia alikataa uji. Senkondo alimshika miguu, ikawa ya moto. Akamfikiria na yule ambaye hajazaliwa. Sasa walikuwa watoto wawili, na yeye bado alikuwa na kucha zake. Akachukua wembe, akazikata tano za mkono wa kulia, moja baada ya nyingine, umbo la Mbonea likaanguka kiganjani. Akazizika nyuma ya nyumba, pembeni mwa za Namkunda.

Kisha akaingia ndani, akalitoa gitaa la Mbonea, akaanza kupiga kwa nyama tupu za vidole, karibu na kitanda cha mtoto. Sauti ilikuwa ndogo, haikuvuka mlango. Alikuwa bado anaogopa, na alikuwa anapiga. Waliposimama mlangoni Kihiyo, Namkunda na Shangazi Nakijwa, waliviona vidole vyake.

Haya, nyinyi mliokaa hapa kunisikiliza: je, mkono ule uliokolewa au haukuokolewa? Na kama uliokolewa, nani alistahili gitaa la Mbonea?