Mwalimu Aliyevuta Mikanda ya Kidawa

“Asiyekukagua si mwenzio.” Mnaniuliza nimeutoa wapi msemo huu, kwa kuwa nimemwambia Mbwana asimnunie Sauda aliyemwonyesha shati limepasuka kwapani kabla hajaenda kwenye usaili. Chimbuko lake ni hapahapa Mafia, na mimi nilikuwepo, nikiendesha boti ya wazamiaji. Ya chini ya maji nilisimuliwa na waliokuwa huko, kila mmoja akijipendelea kidogo.

Kidawa, binti wa kisiwa cha Jibondo, alikuwa akisomea kuongoza wageni chini ya bahari. Alibakiwa na mtihani mmoja: achague mwenza miongoni mwa wageni asiowajua, wazame na kurudi salama. Mzamiaji hashuki peke yake. Hewa ikikuishia, mwenzako ndiye anayekupa mdomo wake wa akiba, ule wa mpira wa kupumulia. Kidawa akifaulu, kazi anayo. Akishindwa, anarudi kulima mwani, kazi iliyokwisha kumchosha mgongo na roho.

Wageni siku hiyo walikuwa wawili. Mmoja ni Burhani, kijana mtanashati wa Dar es Salaam, mwenye maneno matamu. Wa pili ni Nuru, mama mnene wa makamo kutoka Tanga, mwalimu wa shule ya msingi. Huyu hata hajamaliza kuitikia shikamoo, mikono yake ilishafika kwenye mikanda ya Kidawa.

“Hebu geuka, mwanangu. Huu umelegea. Na koki ya mtungi wa hewa, umeifungua mpaka mwisho?”

Kidawa akajiona yuko paredini Jumatatu asubuhi, anakaguliwa kucha. Tena mbele ya Shaame, mkufunzi wake! Aibu ikamshika, akajitoa mikononi mwa yule mama.

“Nimeshajitazama mwenyewe, mwalimu. Ahsante.”

Burhani akamtazama kwa mbali, akatabasamu. “Dada, uko fiti kabisa. Mtoto wa bahari akaguliwe na nani?”

Kusifiwa nani hataki? Kidawa akamchagua Burhani papo hapo. Mwalimu Nuru akabaki na Shaame, wakazama nyuma yao.

Kumbe Kidawa, kwa wasiwasi wa mtihani, alikuwa ameifungua koki, akasahau kama ameifungua, akaizungusha tena hadi ikakaribia kufungika. Koki ya namna hiyo hukudanganya ukiwa juu, hewa ikaja vizuri tu. Lakini kadiri walivyoshuka, pumzi ilizidi kuwa nzito, mpaka ikawa anavuta na hapati kitu.

Akamgeukia Burhani, akapitisha kiganja shingoni, ishara ya kukosa hewa. Burhani alikuwa amepagawa na kasa mmoja mkubwa. Akampungia mkono kwa furaha.

Kidawa akarudia ishara. Burhani akampungia mikono yote miwili.

Hapo mkono mnene ukamshika begani. Mwalimu Nuru hakuwa ameacha kumtupia jicho. Akamtia mdomo wake wa akiba kinywani, na Kidawa akavuta pumzi ambayo mpaka leo anasema ilikuwa tamu kuliko asali. Shaame akaipapasa koki, akaifungua. Wakapanda wote, polepole.

Botini Kidawa alilia kwa kwikwi. Burhani alikuwa ameduwaa.

“Mimi nilidhani unanisalimu!”

Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikauachia usukani.

Shaame akasema Kidawa ameshindwa mtihani huo, ila alasiri watazama tena. “Chagua mwenza upya.”

“Dada, safari hii nitakuangalia vizuri,” Burhani akaapa.

“Kaka, wewe ni mtu mwema,” Kidawa akamjibu, “lakini wema wako hauna macho.”

Alasiri akavaa vifaa vyake, akamwendea Mwalimu Nuru, akasimama wima na kunyoosha mikono.

“Mwalimu, naomba unikague.”

Mama wa watu akavuta, akatikisa, akakaza, mpaka boti ikayumba. Alipomaliza, Kidawa akamwambia, “Sasa geuka wewe.” Akaukuta mkanda mmoja umejisokota mgongoni, mahali ambapo mkono wa mwenyewe haufiki. Akaunyoosha taratibu.

Mwalimu Nuru akaupapasa mkanda ule begani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Miaka yote nawakagua watoto wa watu, mwanangu. Mimi hakuna aliyewahi kunigeuza nyuma.”

Wakashikana mikono, wakazama. Kidawa akapata kazi yake, na tangu siku ile, mgeni yeyote aliyenuna kuvutwa mikanda botini kwangu nilimpa maneno hayohayo: asiyekukagua si mwenzio.